Kura Ni Ushahidi: Je, Tunamshuhudia Mtu au Chama?



Ndugu zangu, naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwani ndilo lililonifanya nilifikirie jambo hili kwa muda mrefu.

Oktoba 2021 tulichagua viongozi wa umudugudu. Kwa wenzetu waliokuja kusoma Kigali kutoka nchi jirani, nieleze kidogo. Katika ngazi hiyo ya chini kabisa hatukutumia karatasi wala sanduku. Wagombea walisimama mbele ya watu, na kila mpiga kura akaenda kupanga mstari nyuma ya yule anayemtaka, kisha tukahesabiwa. Vyama havisimamishi mtu katika ngazi hiyo. Kila anayegombea husimama kwa jina lake na kwa vile majirani wanavyomjua.

Nilikuwa na miaka 19. Mtaani kwetu Biryogo walisimama wawili. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, Mkristo, jirani yetu tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa darasa la sita alinifundisha hesabu kila jioni nyumbani kwake, bila kuchukua hata faranga moja. Wa pili alikuwa mfanyabiashara, Muislamu, aliyehamia mtaani mwaka uliotangulia. Nilichokijua juu yake ni kimoja tu: alikuwa amenunua mazulia mapya ya msikiti. Nilipofika uwanjani niliwaona wenzangu wa msikitini wamejipanga nyuma ya mfanyabiashara. Sikufikiri. Nilikwenda nikasimama nao.

Mfanyabiashara alishinda, na kusema kweli aliongoza vizuri. Lakini jioni ile mwalimu alinikuta dukani nikinunua mkate, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeniona na kosa gani?"

Nikamwambia, "Mwalimu, sikuona kosa lolote."

"Na yule mwenzangu, unamjua?"

Sikuwa na jibu. Akanishika bega, akaniaga, akaenda zake.

Kwa muda nilijifariji kwamba aliyeshinda hakuharibu kitu, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Baadaye nilielewa kuwa kosa langu halikutegemea matokeo. Nilisimama mbele ya watu nikamshuhudia mtu nisiyemjua, nikaacha kumshuhudia mtu niliyemjua. Angeharibu au angetengeneza, ushahidi wangu ulikuwa batili tangu mwanzo.

Mjadala wa baada ya Isha

Nimelikumbuka kosa hilo kwa sababu ya mjadala tulioufanya chuoni baada ya uchaguzi wa tarehe 15 Julai 2024. Siku ile tulipiga kura ya rais na ya wabunge kwa pamoja. Wagombea wa urais walikuwa watatu: Paul Kagame wa RPF-Inkotanyi, Frank Habineza wa Democratic Green Party, na Philippe Mpayimana, aliyesimama bila chama. Wengine walioomba kugombea kama watu binafsi hawakupitishwa na Tume ya Uchaguzi. Matokeo mnayajua: Rais Kagame alipata zaidi ya asilimia 99. Mpayimana alipata asilimia 0.32, yaani kura 28,466. Katika uchaguzi wa 2017, alipogombea kwa mara ya kwanza, alikuwa amepata asilimia 0.73 na kushika nafasi ya pili, mbele ya mgombea wa chama.

Usiku mmoja baada ya Isha tulibaki kuzungumza. Ndugu mmoja akasema kuwa wale watu 28,466 walitupa kura zao. Kwa maoni yake, mwenye akili humchagua mtu mwenye chama nyuma yake, kwa sababu mtu mmoja peke yake hawezi kuendesha nchi. Dada mmoja akampinga vikali. Alisema chama hakina dhamiri, dhamiri iko kwa mtu. Mwenye chama humtii kiongozi wa chama kwanza, halafu ndipo humkumbuka Mola wake. Kwa hiyo, alisema, Muislamu popote alipo Afrika Mashariki angetafuta mgombea binafsi na kumpa kura, hata kama atashindwa.

Sitasema mimi nilimpigia nani, kwani kura ya siri ni siri. Lakini swali lao ni la haki na linastahili jibu. Je, kumchagua mgombea binafsi badala ya chama ni jambo bora kimaadili? Au ni kujipendezesha tu, mtu ajione msafi kuliko wenzake?

Kura ni nini?

Wako Waislamu wasioona kuwa kupiga kura kunafaa kabisa. Sina nafasi ya kuingia katika hoja zao leo. Nazungumza na sisi tuliokwisha kupanga foleni na kupiga.

Mufti Muhammad Shafi, mwanachuoni wa Pakistan aliyefariki mwaka 1976, alieleza kuwa kura ina sura tatu. Ni ushahidi, kwa kuwa unashuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Ni uombezi, kwa kuwa unampendekeza apewe nafasi. Na ni uwakala, kwa kuwa unamteua akusimamie wewe na watu wengine wengi. Katika hizo tatu mimi naona ushahidi ndio msingi. Ukishuhudia kwa haki, uombezi wako utakuwa wa haki na wakala wako atakuwa mtu anayefaa. Ukishuhudia kwa uongo, hizo mbili zilizobaki haziwezi kuwa na uzima.

Qur'ani imelizungumza jambo la ushahidi kwa uzito mkubwa. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru tusimame imara kwa uadilifu na tushuhudie kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Surat al-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo. Surat al-Baqara, aya ya 283, inatukataza kuficha ushahidi. Kwa hiyo shahidi ana wajibu wa namna mbili: asiseme asichokijua, na asikifiche anachokijua. Mimi siku ile uwanjani niliyavunja yote mawili kwa hatua kumi za miguu yangu.

Na kumjua mtu si kujua jina lake tu. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimtolea mwenzake ushahidi wa uadilifu mbele ya Umar bin al-Khattab (r.a.). Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake wa karibu, unayejua usiku wake na mchana wake? Hapana. Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui mtu huyo.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Katika umudugudu maswali ya Umar yanajibika. Mwalimu nilikuwa jirani yake, na nilijua hata namna anavyokasirika. Lakini mgombea wa ubunge au wa urais? Hukusafiri naye, hukufanya naye biashara. Utamshuhudia vipi?

Chama kama mlolongo wa wapokezi

Hoja yenye nguvu zaidi ya kutetea vyama ni hii: chama ni mlolongo wa wapokezi. Simjui mgombea, lakini wapo watu waliofanya kazi naye, wakamchuja, wakamsimamisha, na jina lao liko juu yake. Akiharibu, chama kitabaki na aibu, na miaka mitano baadaye nitakiadhibu. Sisi Waislamu tunaielewa hoja hii haraka, kwa sababu dini yenyewe imetufikia kwa sanad. Hatukumwona Mtume (s.a.w.). Tunawaamini watu waliopokea kutoka kwa watu.

Tena umoja kwa ajili ya jambo jema una asili katika Sira. Mtume (s.a.w.) alihudhuria Hilf al-Fudul akiwa kijana, kabla ya utume. Yalikuwa maagano ya watu wa Makka ya kumsaidia aliyedhulumiwa. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kuwa lau angeitwa kwenye maagano kama hayo katika Uislamu angeitika. Kwa hiyo anayesema kuwa kila kundi la siasa ni uchafu amepitiliza. Watu wakikusanyika kuiondoa dhulma, mkusanyiko wao ni bora kuliko mtu mmoja anayenung'unika chumbani.

Lakini tuifuate sanad hadi mwisho. Wanachuoni wa hadithi hawakuikubali riwaya kwa sababu tu imetoka mji fulani au kwa kundi fulani. Walimchunguza kila mpokezi kwa jina lake: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Alikutana kweli na yule anayemsimulia? Mpokezi mmoja dhaifu aliidhoofisha sanad nzima, hata kama waliomzunguka walikuwa maimamu. Sanad iliwasaidia kuuliza maswali mengi zaidi. Sasa mtu akiniambia, "Mimi nampigia yeyote aliyesimamishwa na chama changu," huyo ameacha kuuliza. Anataja mji na kusahau mpokezi.

Kwa hiyo chama kinaweza kunisaidia kumjua mtu. Hakiwezi kushuhudia kwa niaba yangu.

Kesi ya Mchungaji Mtikila

Katika eneo letu hakuna aliyelipigania jambo hili kwa muda mrefu kama Mchungaji Christopher Mtikila wa Tanzania, na ni vizuri tuijue kesi yake, kwani ilimalizikia katika mahakama ya Afrika nzima.

Tanzania iliporudisha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, katiba iliweka sharti kwamba anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa nacho. Mtikila alikwenda mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubali kuwa raia ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likapitisha marekebisho ya katiba yaliyolirudisha lile sharti. Mtikila akafungua kesi upya, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, iliitengua hukumu hiyo, ikisema kuwa suala hilo ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Mtikila hakuchoka. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na kesi yake ikasikilizwa pamoja na ya Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kuwa Tanzania imevunja haki ya raia ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake, haki ya kujiunga na wengine kwa hiari, na haki ya kutobaguliwa. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015. Hadi uchaguzi wa Oktoba 2025, Mtanzania asiye na chama bado hakuweza kugombea.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilisema kuwa vyama vinawaunganisha watu wa makabila na dini mbalimbali, na kwamba ukiwaachia watu binafsi, kila mmoja atawaita watu wa kabila lake au dini yake. Sisi wa Rwanda, baada ya tuliyoyaona mwaka 1994, hatuwezi kuicheka hofu hiyo. Lakini historia yetu inatuambia pia kuwa vyama vilikuwapo, na baadhi yao ndivyo vilivyopanga mauaji na kuwapa vijana silaha. Chama hakikuwa kinga. Walioponyesha watu, wakiwemo Waislamu wengi wa mitaa ya Nyamirambo na Biryogo waliowaficha majirani zao, hawakusubiri maelekezo ya chama. Kila mmoja aliamua mlangoni kwake, kwa dhamiri yake, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao.

Mtikila hakuwa mtu wa kupendeza kwa kila mtu. Alitoa maneno makali dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia, akiwaita magabacholi, na maneno hayo siyaungi mkono. Nimemtaja kwa makusudi. Haki aliyoidai ilikuwa haki hata kama aliyeidai ana kasoro. Hivyo ndivyo shahidi anavyotakiwa kupima: analipima jambo lenyewe, si mapenzi yake kwa msemaji.

Upweke wa mgombea binafsi

Lakini dada yetu naye asishangilie mapema. Twende Kenya, ambako katiba ya 2010 ilimruhusu mgombea binafsi, au mgombea huru kama wanavyomwita wao. Mwaka 2017 magavana wawili walichaguliwa bila chama: Mohamed Kuti wa Isiolo na Ndiritu Muriithi wa Laikipia. Mwaka 2022 walichaguliwa wengine wawili, Kawira Mwangaza wa Meru na Andrew Mwadime wa Taita Taveta. Kwa hiyo inawezekana.

Tazama kilichofuata Meru. Mwangaza aliingia madarakani bila kundi lake ndani ya bunge la kaunti. Haikumaliza miezi mitano, wajumbe wakapiga kura ya kumwondoa, na Seneti ikamwokoa. Mwaka 2023 wakarudia, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 wakarudia mara ya tatu, na safari hiyo Seneti ikakubali. Alikwenda mahakamani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaidhinisha kuondolewa kwake. Sihukumu hapa nani alikuwa na makosa. Ninachosema ni kuwa mtu asiye na watu ndani ya nyumba ya maamuzi, hata akiwa na nia njema, atatumia nguvu zake nyingi kujilinda. Ukimpa mtu kura, umempa pia kazi. Ni haki ujiulize kama ana mikono ya kuifanya.

Tena si kila aliye binafsi amekuwa hivyo kwa dhamiri. Kenya na Uganda wapo wengi waliotafuta tiketi ya chama, wakashindwa katika kura za mchujo, ndipo wakajitangaza kuwa huru. Wakishinda, baadhi yao hurudi kule kule walikotoka na kupiga kura nacho. Mtu wa namna hiyo hakukataa chama. Chama ndicho kilichomkataa.

Na kuna swali zito zaidi. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Mgombea binafsi anajipendekeza mwenyewe. Je, hilo halimharibii? Wanachuoni wamelijibu kwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aliyemwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akitaja sifa mbili: uaminifu wa kuhifadhi na elimu ya kazi. Aliomba kwa sababu njaa ilikuwa inakuja na alijua anachoweza kufanya. Tena Yusuf alifanya kazi hiyo ndani ya serikali ya mfalme asiye wa dini yake. Kisa kimoja kinatufunza mambo mawili: kuomba si kosa kwa mwenye uwezo na nia safi, na kufanya kazi ndani ya mfumo uliopo si unafiki.

Sheria yetu hapa Rwanda imeweka jambo linalofanana na mashahidi wa awali. Anayetaka kugombea urais bila chama anatakiwa kuleta sahihi 600 za wapiga kura, angalau 12 kutoka katika kila wilaya kati ya wilaya 30. Mimi naona kuna hekima katika wazo la watu kutoka kila pembe ya nchi kuweka majina yao wazi na kusema: huyu tunamjua. Lakini hekima hiyo inamgusa pia anayetia sahihi. Ukiletewa karatasi ya sahihi chuoni, ukatia kwa sababu rafiki yako ndiye aliyeileta, umefanya kosa langu la Biryogo.

Chama chetu, mtu wetu

Tumefika penye jeraha letu. Sisi Waislamu wa Rwanda ni wachache, na katika zama za ukoloni babu zetu waliwekwa pembeni katika mitaa yao ya Waswahili. Ni kawaida kwa watu wa namna hiyo kutamani "chama chetu" na "mtu wetu". Mwaka 1991 kilianzishwa chama kilichoitwa Parti Démocratique Islamique. Katiba ya 2003 ilipokataza vyama kujengwa juu ya dini, kilibadili neno moja kikawa Parti Démocratique Idéal. Herufi zilibaki zile zile, PDI, na kiongozi wake, Sheikh Musa Fazil Harerimana, alikuwa waziri wa usalama wa ndani kwa miaka mingi.

Wapo wanaonung'unika kuwa jina lilipotea. Mimi naona katika kubadilika kule kuna funzo. Neno "Kiislamu" lilipoondoka, kilichobaki kupimwa ni uadilifu wa watu waliomo, na hicho ndicho kilichotakiwa kupimwa tangu mwanzo. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa asabiyya ni nini, alieleza kuwa ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma. Na masahaba walipoteswa Makka, aliwaelekeza Habasha, kwa mfalme Mkristo, kwa sababu moja tu: kwake hakudhulumiwa mtu. Mwalimu wangu wa hesabu, jirani asiyemdhulumu mtu, nilimwacha kwa sababu ya mazulia.

Je, kura hupotea?

Nirudi kwa ndugu yetu aliyesema kuwa kura 28,466 zilitupwa. Neno "kutupa" linatoka kwenye kamari. Mcheza kamari hupoteza akiweka fedha upande usioshinda. Shahidi hayuko hivyo. Ukitoa ushahidi wa kweli mahakamani na kadhi akahukumu kinyume chake, ushahidi wako haukupotea, umeandikwa. Na vivyo hivyo, aliyempigia mshindi akiwa anamjua na kumwamini kwa dhati, naye ametoa ushahidi kamili. Wingi haukuutia ushahidi wake dosari, kama uchache usivyoupa wa mwingine utukufu. Aliyepoteza ni yule aliyempigia mshindi ili awe upande wa washindi, na yule aliyempigia mshindwa ili aonekane jasiri. Wote wawili hawakumtazama mgombea. Walijitazama wenyewe kwenye kioo.

Basi jibu langu kwa mjadala wa usiku ule ni hili. Kutokuwa na chama si sifa, na kuwa na chama si aibu. Ni habari tu, moja kati ya habari nyingi, za kutusaidia kumjua mtu. Binti wa yule mzee wa Madyan, katika Surat al-Qasas, aya ya 26, alipompendekeza Nabii Musa (a.s.) kwa baba yake, alitaja mambo mawili: nguvu na uaminifu. Alikuwa amemwona akiwanywesha wanyama wao na akijistahi njiani. Hakumtetea kwa kabila wala kwa kundi, na aliyoyashuhudia aliyaona kwa macho yake. Kwa mgombea binafsi tuulize zaidi juu ya nguvu: ana watu gani wa kumsaidia, na akikosea nani atamrudi? Kwa mgombea wa chama tuulize zaidi juu ya uaminifu: je, amewahi hata mara moja kusema "hapana" mbele ya wenzake?

Najua mtaniambia kuwa katika uchaguzi wetu wa wabunge hatuchagui mtu, tunachagua orodha. Ni kweli. Viti 53 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge hupatikana kwa orodha za vyama au kwa wagombea binafsi, na anayepanga majina ya orodha ni chama chenyewe. Mwaka 2024 alikuwepo mgombea binafsi mmoja tu wa ubunge, naye hakupata kiti. Lakini orodha ina majina. Majina hutangazwa kabla ya kampeni. Ni wangapi kati yetu tuliosoma hata majina kumi ya kwanza ya orodha tuliyoipigia? Tunasoma maelezo ya simu mpya kwa saa nzima kabla ya kuinunua.

Na shule yetu ya kwanza ipo chini kabisa, katika umudugudu, ambako hakuna chama cha kujificha nyuma yake. Pale maswali ya Umar yanajibika yote. Tukishindwa kushuhudia kwa haki juu ya jirani, tusijidanganye kuwa tutaweza juu ya rais.

Mwalimu yule bado yupo. Mwaka jana nilimtembelea nikamwambia niliyoyaandika hapa. Alicheka kidogo, akanikaribisha chai, akasema, "Mara nyingine watakaposimama watu, wewe tembea peke yako hadi katikati ya uwanja, usimame kwanza, utazame, ndipo uende." Surat Maryam, aya ya 95, inatukumbusha kuwa kila mmoja wetu atamjia Allah Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Siku hiyo hakuna mstari wa kujibanza ndani yake.

Ewe Mola, tujaalie tuwe mashahidi wa haki, hata juu ya nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.